Siku zisizo kwenye daftari

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Takwimu. Jumatatu na Alhamisi, saa mbili asubuhi, ukumbi mkubwa. Nilikuwa naomba Mungu iwe kozi ya hiari. Si ya hiari. Maendeleo ya jamii bila takwimu hutoki hapa, kasema Madam, tena kasema taratibu kama mtu anayetoa pole.

Hesabu kidato cha nne nilipata F. Naandika hapa kwa sababu chumbani nimesema D.

Leo Madam hakukokotoa kitu. Aliuliza, "Sensa ya 2022 mlikuwa wapi?" Kisha akaandika ubaoni 61,741,120. Chini yake akaandika 4.3, wastani wa watu kwenye kaya moja. Akageuka: "Nani kwao wako wanne?" Mikono michache. Kwetu tulikuwa saba. Nikamkumbuka yule karani wa sensa, kakaa kwenye kigoda chetu, kishikwambi mapajani, anamuuliza Mama nani kalala humu usiku wa kuamkia tarehe 23. Mama anamwambia baba mdogo hakulala humu. Kalala wapi? Hajalala, yuko ziwani, anavua. Ilikuwa giza, mitumbwi yote majini. Karani kidole kimesimama hewani. Mama naye kasimama mlangoni, mikono ina magamba: "Mwandike, ni wa hapa."

Kwa hiyo baba mdogo yumo kwenye ile namba ya ubaoni. Nimeiangalia kipindi kizima.

Alhamisi, 7 Novemba

Wastani, mediani, modi. Nimeelewa. Yote matatu! Mfano wa mishahara: watu tisa wa laki tatu na bosi mmoja wa milioni kumi, wastani unapanda mpaka unawasahau wale tisa, mediani inabaki nao. Nimenyoosha mkono, nimejibu, nimepatia. Nimerudi hosteli natembea kama nimepokea bumu.

Jumanne, 12 Novemba. Saa tano usiku

Nataka kulia.

Nimekaa kimbweta tangu magharibi na swali moja tu. Namba tano: 4, 7, 9, 10, 15. Wastani 9, sawa. Halafu kila namba itoe wastani, uone imekengeuka kiasi gani. Hasi 5, hasi 2, 0, 1, 6. Jumlisha. Sifuri.

Nikajua nimekosea. Nikarudia. Sifuri. Nikabadilisha namba, nikaweka umri wetu sisi wa chumbani, sifuri tena. Nikachana karatasi. Mbu wananila, taa ya kimbweta inazimika na kuwaka, na kichwani nasikia sauti ya mwalimu wa kidato cha pili akiniambia hesabu si za kila mtu.

Saa nne na nusu kapita mwenzangu wa chumbani, yuko mwaka wa tatu. Kaangalia karatasi yangu sekunde mbili. "Lazima iwe sifuri. Ikitoka kitu kingine ndiyo umekosea."

Lazima! Masaa matatu nafuta jibu sahihi.

Kanieleza kwa mizani ya soko la Mwaloni, ile ya zamani ya mawe na sinia mbili. Wastani ni pale mizani inapotulia. Waliokengeuka huku wana uzito sawa na waliokengeuka kule. Ndiyo maana huwezi kupima mtawanyiko kwa kujumlisha tu, watafutana. Unaizidisha kila moja kwa yenyewe kwanza, hasi inakufa, ndipo unajumlisha. 25, 4, 0, 1, 36. Sitini na sita.

Neno lenyewe limenikaa: mkengeuko. Nyumbani mtu aliyekengeuka ni yule aliyeiacha njia. Hapa kila namba imekengeuka kidogo na hakuna anayeilaumu.

Alhamisi, 14 Novemba

Kwa nini tunagawa kwa 4 wakati namba ni 5? Darasa zima kimya. Madam kasema "digrii za uhuru" na mimi nikaandika maneno hayo bila kujua nimeandika nini.

Nimeelewa mchana, kantini, mbele ya sahani. Nyumbani tulikuwa tunakula kwenye sinia moja, samaki juu. Kila mmoja anachagua kipande. Wa mwisho hachagui, anachukua kilichobaki. Ukishajua wastani, na namba nne zimeshachagua zitakavyokuwa, ya tano haina uhuru tena, imeshalazimishwa. Wenye uhuru ni wanne. Nne!

Mara nyingi wa mwisho nilikuwa mimi. Hiyo namba ya tano naijua vizuri.

Jumapili, 17 Novemba. Igombe

Nimekuja nyumbani tangu jana. Kimya kizuri. Mitumbwi imevutwa juu mchangani, baba mdogo anashona nyavu, Mama yuko shambani anapalilia muhogo tangu asubuhi. Mikono yake safi, haina magamba. Sikumbuki lini niliiona hivyo.

Jana usiku mwezi ulikuwa mkubwa, mweupe, ziwa lote limelala kama bati jipya. Nilikaa nje nikasoma desa bila taa. Kurasa nne. Mdogo wangu hakuamini, akaleta kitabu chake cha darasa la sita naye akasoma.

Mama kaniuliza hayo masomo ni ya nini. Nikamwambia ni ya kujua mambo ya watu wengi kwa kuangalia wachache. Akafikiri. "Kama kuonja mchuzi?" Ndiyo Mama. "Lakini ukoroge kwanza."

Jumatano, 27 Novemba

Testi ya kwanza: 7 kwa 20.

Sina la kuandika.

Baadaye. Nimeiangalia karatasi. Swali la pili lote lilikuwa sahihi ila nimebonyeza kitufe kisicho chenyewe kwenye kalkuleta. Kuna kitufe cha kugawa kwa namba zote na kitufe cha kugawa kwa pungufu moja. Digrii za uhuru nilizielewa kwenye sinia, kwenye kalkuleta nimezisahau. Alama tano zimekwenda hapo.

Nikipata sapu kwa kozi hii narudi Septemba. Nauli ya nani?

Jumatatu, 2 Desemba

Leo nimempenda mtu aliyekufa zamani.

Anaitwa William Gosset. Alikuwa kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, anashughulika na shayiri. Shida yake: majaribio ya shayiri ni machache. Huwezi kulima mashamba elfu moja ili upate wastani mmoja. Hesabu zilizokuwepo zilitaka sampuli kubwa, yeye alikuwa na nne, sita, kumi. Akakaa akatafuta namna ya kuwa mkweli ukiwa na vichache. Mwaka 1908 akaichapisha, na kwa sababu kiwanda hakikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, akajiita Student. Mwanafunzi. Ndiyo chanzo cha jedwali la t tunalolitumia mpaka leo, jedwali la Mwanafunzi.

Madam kaeleza vizuri sana leo. Ukiwa na vichache, mipaka yako iwe mipana zaidi. Unalipa uchache wako kwa kukiri kwamba hujui sana. Sampuli ya kumi, safu ya digrii 9, asilimia 95: 2.262. Ungekuwa na nyingi mno ungetumia 1.96 tu.

Vichache na mkweli. Nimeandika kwenye jalada la daftari.

Jumatano, 4 Desemba

Mama kapiga. Kwanza salamu, kisha shamba, kisha kuku, ndipo nikajua kuna jambo.

Kuna kijana wa mikopo anapita Igombe na pikipiki. Laki tatu, unazipata siku hiyo hiyo. Rejesho 12,000 kila siku kwa siku 30. Mama anataka turubai kubwa na nyavu za chanja, aache kuanika dagaa mchangani. Mvua hii ya vuli imemuumiza. Dagaa wakishalowa hawanunuliwi na watu, wanakwenda kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kuku.

Kijana kaliangalia daftari la mauzo la Mama. Kamwambia: "Mama, wewe faida yako ni elfu ishirini na mbili kwa siku. Elfu kumi na mbili itakushinda?"

"Wewe unasomea mambo hayo," Mama kasema. "Niangalizie."

Niangalizie. Mimi. Mtoto wa F.

Mdogo wangu kanitumia picha ya ukurasa. Mwandiko wa Mama, saba zake zina mkia. Kila siku mistari mitatu: alichonunulia, alichouza, kilichobaki. Ukurasa mmoja, siku kumi, tarehe 21 mpaka 30.

Alhamisi, 5 Desemba. Usiku

24, 19, 27, 22, 16, 25, 20, 23, 18, 26. Elfu.

Jumla 220. Wastani 22. Yule kijana hakudanganya.

Mikengeuko: 2, hasi 3, 5, 0, hasi 6, 3, hasi 2, 1, hasi 4, 4. Jumla sifuri. Safari hii nilipoiona sifuri nilitabasamu. Kwa kujizidisha: 4, 9, 25, 0, 36, 9, 4, 1, 16, 16. Jumla 120. Gawa kwa 9. Kipeuo. Mkengeuko sanifu, 3.65. Kitufe sahihi! Kile kingine kingenipa 3.46.

Halafu jedwali la Mwanafunzi. 3.65 gawa kwa kipeuo cha kumi, zidisha 2.262. Inatoka 2.61. Kwa hiyo faida ya Mama kwa siku, wastani wake wa kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, iko kati ya 19,400 na 24,600 hivi.

Nimekagua mara mbili. Nimempa mwenzangu naye akakagua. Sahihi.

Kumi na tisa elfu na mia nne, huo ni mpaka wa chini! Rejesho ni kumi na mbili. Inabaki zaidi ya elfu saba ya kula kila siku. Mama atapata turubai. Atapata chanja. Na mimi ndiye niliyepiga hesabu. Saa nane usiku na sina usingizi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu si kwa hofu ya namba.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimempigia asubuhi kabla ya kipindi. Nimemweleza yote, kwa Kiswahili, taratibu. Nilikuwa nimejiandaa.

"Kwa hiyo chukua tu Mama. Hata mwezi ukiwa mbaya, haishuki kumi na tisa."

Kimya.

"Mwezi ukiwa mbaya," karudia. "Hizo siku kumi ulizopigia ni zipi?"

Za kwenye ukurasa.

"Ukurasa upi?"

Wa mwisho.

"Mwanangu, hizo si za giza? Na mwezi ukiwaka?"

Mimi nilikuwa nasema mwezi wa kalenda. Yeye alikuwa anasema mwezi.

Sikuwa na jibu. Nikasema bando linaisha. Halikuwa linaisha.

Kipindini sikusikia kitu. Nimezaliwa Igombe. Najua dagaa anafuata taa. Tangu wakati wa karabai mpaka hizi taa za sola za sasa, unawasha, anapanda, unamchota. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni taa, dagaa haoni sababu ya kuja kwenye yako. Mitumbwi inapandishwa mchangani. Hata mtoto wa chekechea wa Igombe anajua. Wiki tatu zilizopita nimesoma desa kwa mwanga wa huo huo mwezi, mitumbwi imelala mbele yangu, na desa lilikuwa la sampuli!

Nilimwambia mama yangu achukue. Angekuwa mtu wa kunisikiliza tu, angechukua.

Jumamosi, 7 Desemba. Igombe

Daftari lenyewe nimelishika mkononi. Kaunta buku, jalada gumu, magamba yamegandia pembeni na hayabanduki, kurasa zina harufu ya jua na samaki. Nimelifungua tangu Novemba mosi.

1, 2, 3, 4, mpaka 10. Halafu mstari unaofuata, wa kwanza kwenye ukurasa mpya, bila nafasi, bila alama, bila kitu: 21.

"Hapa katikati, Mama?"

"Mwezi."

"Mbona hukuandika?"

Kaniangalia kama nimeuliza swali la mgeni. "Niandike nini? Hakukuwa na kitu."

Siku kumi. Hazipo. Si kwamba zimeandikwa sifuri. Hazipo kabisa. Mtu akilishika daftari hili, awe yule kijana au mimi, anaona mama anayefanya biashara kila siku bila kukosa.

Na zile siku za mwanzo wa mwezi: 21, 23, 8, 5, 20, 19, 22, 17, 14, 9. Nane na tano ni mvua, kaniambia tu akiendelea kuchambua mchele. Alikumbuka hadi saa iliponyesha. Kumi na nne na tisa ni mwezi umeanza kukua. Kwenye kila namba ana habari yake. Nilimsogelea nikaanza kuuliza moja moja, na kila nilipoweka kidole alijua. Hii: injini ya mtumbwi ilikufa. Hii: wanunuzi kutoka Kongo walifika Mwaloni, bei ikapanda. Hii: nilikwenda msibani nikarudi saa sita.

Mimi nilikuwa nimeziita namba zote hizi mikengeuko.

Jumapili, 8 Desemba

Nimepiga upya hapo hapo nje, kwenye mkeka, mdogo wangu ananisomea.

Siku 20 zilizoandikwa, jumla 378,000. Ukigawa kwa 20, 18,900. Ukigawa kwa siku 30 za mwezi, na zile kumi tupu zikiwemo: 12,600.

Rejesho 12,000.

Inabaki 600. Mia sita, watu saba. Kilo ya sembe haifiki.

Mkengeuko sanifu wa siku zote 30, sifuri zikiwemo: 10,280 hivi. Kwenye ule ukurasa mmoja ulikuwa 3,650. Mwanamke yule yule, biashara ile ile, mwezi ule ule. Nimeziandika namba hizi mbili pembeni pembeni na nimekaa nazo muda mrefu. Huo wa 3,650 ni maisha yaliyotulia. Huo wa 10,280 ndio tuliokua nao, ndio ule wa kutumwa kwa mama mkubwa kuomba chumvi, na wiki inayofuata nguo mpya.

Hata 12,600 nayo siyo. Haiwi elfu kumi na mbili siku yoyote. Inakuwa ishirini na mbili au haiwi kitu. Na yule kijana anakuja kila siku, siku ya ishirini na mbili na siku ya sifuri, na siku ya sifuri ndiyo anayokalia kigoda mpaka usiku. Kuna jirani yetu aliuza kitanda. Watu wanaiita mikopo hii kausha damu na hawakosei jina.

Kitu kingine. Siku za mwezi Mama huuza gunia moja alilolificha tangu giza, bei ikiwa juu. Hilo haandiki. "Hilo ni la ada," kasema, kama vile pesa ya ada si pesa. Kwa hiyo hata sifuri zangu si sifuri kamili. Nimemuuliza kiasi gani. Kasema tuyaache hayo.

Tumeyaacha.

Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda ofisini kwa Madam. Mikono ilikuwa inatetemeka, karatasi mbili, ya siku kumi na ya siku thelathini.

Kaisoma ya kwanza yote, na kalamu. Kila hatua kaweka tiki. Mwisho kasema: "Hesabu yako haina kosa hata moja." Kisha: "Nani alichagua hizi siku kumi?"

Hakuna aliyezichagua. Zilikuwa ukurasa wa mwisho.

"Basi ukurasa ndio uliochagua." Kaniambia jedwali la Mwanafunzi halina macho. Unalipatia kumi, linakupa mipaka ya huko zilikotoka hizo kumi. Kama zimetoka gizani tupu, mipaka ni ya gizani. Lenyewe haliwezi kukuuliza kuhusu mbalamwezi. Kazi hiyo ni ya kwako, na unaifanya kabla hujashika kalkuleta. Tena kasema siku zinazofuatana zinashikana mikono, leo inafanana na jana, siyo kama umechota kumi kwa bahati nasibu. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Nikamwambia nilipata 7. Kasema anajua.

Kaomba autumie mfano huu darasani. Nimempigia Mama kumwomba ruhusa. Kafikiri. "Wasiandike jina langu. Na wasiseme ninauza wapi."

Jumamosi, 14 Desemba. Igombe

Mwezi unakaribia kujaa. Mitumbwi juu.

Mama kanieleza alivyomaliza na yule kijana, Alhamisi. Alimuuliza, "Mwezi ukiwaka nikulipe nini?" Kijana akasema kila siku ni kila siku, Mama. Akamuuliza kwa wiki je, kwa mwezi je. Hapana, mfumo hauruhusu. Mama akamkaribisha uji, akanywa, akaondoka.

Nilimuuliza kama alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba haitawezekana. Nilitaka aseme ndiyo. Ningepata nafuu.

"Sikujua," kasema. "Mwezi naujua. Lakini yule mtoto aliposema elfu ishirini na mbili kila siku, nilijiona na elfu ishirini na mbili kila siku. Ilipendeza." Alikuwa anasukuma kuni jikoni, hakuniangalia. "Na wewe uliponipigia ukasema kumi na tisa, nilishavaa kanga ya kutoka."

Alishavaa kanga ya kutoka.

Ilikuwa bado kidogo tu. Kama ningesema "mambo yakiwa mabaya" badala ya "mwezi ukiwa mbaya," asingeuliza. Nimelifikiria hili mpaka usingizi umeniruka.

Kesho Jumapili wanakaa kikoba. Ataomba laki mbili, arejeshe mwisho wa mwezi, miezi mitatu. Turubai kwanza, chanja baadaye. Kanipa kazi ya kumwandikia maombi. Kwenye "kipato cha mwombaji" nimeandika giza na mwezi mbali mbali, mistari miwili. Mwenyekiti wa kikoba naye ni wa dagaa. Ataelewa.

Ijumaa, 20 Desemba

Testi ya pili, 15 kwa 20. Nimeikata ile sehemu ya karatasi yenye namba nikaiweka hapa kwenye daftari, imegandishwa kwa gamu.

Kikoba kilimpa laki na nusu. Turubai limenunuliwa, la bluu. Mdogo wangu katuma picha, kalala juu yake.

Jumanne, 14 Januari 2025

Madam katumia mfano wa Mama jana. Hakutaja jina, hakutaja mahali. "Mfanyabiashara mmoja." Kaweka siku kumi ubaoni, kaacha darasa zima likokotoe, watu mia mbili na kitu. Wote wakapata 22. Wote wakasema akope. Mmoja wa nyuma kasema ana uhakika wa asilimia 95, kwa sauti kubwa, kwa furaha, na nikaisikia sauti yangu ya ile Alhamisi usiku.

Ndipo akaweka ukurasa mwingine.

Ukumbi ulivyonyamaza. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, natazama meza. Nilitamani Mama angeona watu mia mbili wamenyamazia daftari lake.

Leo usiku mwezi mpevu tena. Nimehesabu: Novemba 15, Desemba 15, jana kuamkia leo. Siku ishirini na tisa na kitu. Naanza kuuona unavyokuja.

Jumatatu, 10 Februari

Mtihani umekwisha. Maswali matano, nimejibu manne vizuri, moja la uwezekano sijalielewa mpaka sasa. Lile la tatu lilikuwa: eleza mambo ya kuuliza kuhusu data kabla ya kukokotoa. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, mkono ukauma. Nani aliandika. Aliandika lini. Siku gani hakuandika na kwa nini. Nini anakijua ambacho hakukiweka.

Sijui kama msahihishaji anataka ukurasa na nusu.

Jumatano, 12 Februari. Igombe

Likizo. Mwezi juu, mitumbwi chini ya mwembe. Tumekula muhogo na dagaa wa lile gunia.

Baada ya kula Mama kaleta daftari, kalamu imefungwa kwa uzi. Kaandika tarehe ya leo. Akaweka sifuri, kubwa, ya mviringo mzuri, na pembeni yake neno moja: mwezi. Nikafungua nyuma. Januari 12, sifuri, mwezi. Januari 13, sifuri, mwezi. Januari 22, sifuri, mvua, turubai lilikuwa kwa jirani. Kila siku ipo. Hakuniambia kitu chochote kwenye simu miezi yote hii.

"Ila linajaa upesi sasa," kasema, anazihesabu kwa kidole gumba kurasa zilizobaki. "Zamani daftari moja lilikuwa linanifikisha Pasaka."

Nimemwambia bumu likitoka nitamletea jingine, la kurasa nyingi. Kasema liwe na jalada gumu.